Fundi Cherehani na Mikia ya Kambakoche

Huku kwa binti yetu, tarehe 2 Machi

Baba watoto,

Najua barua hii imekukuta nyuma ya cherehani, miwani imekaa kwenye paji la uso na wewe unaitafuta. Iko hapo juu. Ishushe usome.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zetu hazina maana tena. Tangu cherehani zikuharibu masikio, mimi hupiga kelele mpaka majirani wa huku wanajua mambo yetu yote, na wewe unajibu "ndiyo, ndiyo" kwa jambo ambalo hukulisikia. Karatasi haihitaji masikio.

Mume wangu mdogo hajambo. Nasema mjukuu wako, usishtuke. Ameanza kucheka, na akinichekea hucheka mwili mzima, hata vidole vya miguu. Wewe hujapata kunichekea hivyo hata siku ya harusi.

Sasa lililonifanya niandike. Binti yetu anarudi kazini maabara mwisho wa mwezi huu. Jana baada ya chakula yeye na mumewe walinikalisha kitako, wakaniomba nisirudi nyumbani. Wanataka nikae nao mpaka mtoto aanze shule. Hayo si majuma, baba watoto, ni miaka. Chumba wamekwisha kukipaka rangi. Nikawaambia sina jibu mpaka nimuulize mzee wangu. Mkwe wetu akasema, "Mama, mzee ataelewa."

Basi nakuuliza wewe mwenyewe: unaonaje? Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Na unakula nini? Usiniambie mkate na chai. Ile mashine waliyotuletea, kikaangio cha hewa, iache kwenye boksi lake juu ya kabati. Hujawahi kuchemsha hata yai, usianze na umeme.

Mkeo

*

Nyumbani, tarehe 8 Machi

Mke wangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma kwa makini. Miwani nimeipata pale ulipopataja.

Kuhusu suala la kukaa huko, jibu langu ni hili: fanya uonavyo vema. Mtoto mchanga anahitaji mlezi, na sijui mlezi anayekushinda. Mimi ni mtu mzima, sina ninachopungukiwa. Huyo kijana anayejiita mumeo mwambie kwamba mwenye mke yu hai, na kwamba kwa sasa mke ameazimwa tu.

Jambo la pili. Ile mashine nimeishusha. Naomba usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Nimekisoma kijitabu chake chote, pamoja na kurasa za onyo, na nimeona kwamba haina la kutisha. Ndani yake hewa ya moto huzunguka kwa nguvu na kukiivisha chakula pande zote, bila mafuta ya kuchovya na bila mwali wa moto. Hata mimi siwezi kuiunguza nyumba kwa upepo.

Nimenunua mikia ya kambakoche, wale kamba wakubwa wa baharini, kwa mama muuza samaki aliye kwenye kona ya soko. Huiweka kwenye friza, imegandishwa, kila mkia ndani ya gamba lake, mgumu kama kipande cha tofali. Niliutia mmoja kwenye kikapu cha mashine kama ulivyo, nikageuza kitufe, nikakaa kusubiri. Gamba likawa jekundu, nikaamini kazi imekwisha. Nilipouma, jino la mbele liliungua na jino la nyuma likakutana na barafu.

Naomba unieleze namna ya kuupika vizuri. Usiniulize kwa nini kambakoche. Ni hamu tu ya mzee.

Mumeo,
Fundi

*

Huku kwa binti yetu, tarehe 14 Machi

Baba watoto,

Nilikuuliza neno moja kubwa. Umenijibu kwa mstari mmoja, kisha ukaniandikia ukurasa mzima wa mkia. Haya. "Fanya uonavyo vema." Nimeusoma huo mstari, nikaigeuza karatasi nione kama nyuma kuna kitu zaidi. Hakuna.

Kambakoche! Wewe, mkono wa birika, ambaye siku niliyonunua siagi ya kopo ulinisomea hotuba? Hicho ni chakula cha wageni wa ile hoteli niliyoifulia vitambaa mpaka nikastaafu, si cha watu wa maharage kama sisi. Una mgeni gani? Na huyo mama muuza samaki ndiye yule mjane anayecheka kwa sauti, au ni mwingine? Nauliza tu.

Mimi sijawahi kumpika huyo mdudu, wewe unajua. Lakini binti yetu amepika mkia kwa mashine kama hiyo, kwa hiyo nakuandikia anayoyasema, huku nimemweka mume wangu mdogo begani na ananitemea maziwa mgongoni.

Kwanza uache mkia uyeyuke kwenye friji, ndani ya bakuli, tangu jioni hadi kesho yake. Usiuweke juani wala kwenye maji ya moto. Ukilainika, ukaushe kwa kitambaa. Chukua mkasi wa jikoni. Nasema wa jikoni, Fundi. Ule wako wa kitambaa ukiutia kwenye gamba utakuja kunililia. Kata gamba la mgongoni katikati, kutoka kwenye mdomo wa mkia kuelekea kwenye pezi. Pezi lenyewe liache. Panua gamba kwa vidole gumba, uinue nyama uilaze juu ya gamba lake, lakini kule mwisho isikatike, ibaki imeshika. Ukiona kitu cheusi kama uzi kimepita ndani, kivute ukitupe, ni utumbo. Yeyusha siagi na kitunguu saumu, kamulia limau, ipake nyama. Mashine iwe imekwisha kupata moto. Nyama ikiacha kung'aa kama kioo ikawa nyeupe mpaka katikati, toa hapo hapo. Binti yako anasema ukizubaa utatafuna raba.

Wanasubiri jibu. Nimewaambia mzee bado anafikiri. Unafikiri?

Mkeo

*

Nyumbani, tarehe 20 Machi

Mke wangu mpendwa,

Maelekezo niliyafuata yote kama yalivyo, isipokuwa mahali pamoja, na hapo ndipo ilipotokea aibu.

Gamba nililikata kwa mstari ulionyooka. Nililichora kwanza kwa chaki ya kushonea, nikakata, kisha nikaifuta chaki. Hata wewe ungekubali kwamba ilikuwa kazi safi. Utumbo niliutoa kama mtu anayefumua mshono. Nyama nikailaza juu. Lakini nikaona jinsi inavyotaka kujikunja, ncha zote mbili zikiinuka, kama kola ambayo haijapigwa pasi. Mtu aliyeshona maisha yake yote hawezi kuitazama kazi ikijikunja mbele ya macho yake. Nikatia uzi kwenye sindano, nikaishikiza nyama kwenye gamba kwa mishono mirefu, kama tunavyoshikiza pindo kabla ya kupiga cherehani. Ulikuwa mshono mzuri sana.

Kosa langu lilikuwa uzi. Nilichukua uliokuwa kwenye cherehani, na uliokuwa kwenye cherehani ni wa nailoni.

Sitakuelezea harufu. Itoshe kusema kwamba nilifungua kila dirisha. Nailoni iliyeyuka ikachanganyika na siagi, ikashika kwenye kikapu cha mashine, na ilinichukua siku nzima kuibandua kwa maji ya moto na kijiti. Katikati ya moshi huo akaingia mama muuza samaki, aliyekuja kuuliza habari za gauni lake. Akachungulia kwenye kikapu, akashika kiuno.

"Mzee, hii ni mboga au ni suruali?"

"Nimeishikiza tu," nikamwambia, "isijikunje."

"Ungeitia na zipu basi!"

Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi la wateja. Ndiyo, ndiye yule mjane, na ndiyo, hucheka kwa sauti. Alipomaliza kucheka alinionyesha dawa yake: unapitisha kijiti chembamba cha mbao chini ya nyama, kwa urefu wa mkia, nao unabaki umenyooka. Nilijaribu tena. Mara ile nilichelewa kutoa, nikapata raba aliyoitaja binti yetu. Nikajaribu tena. Mke wangu, mkia ulitoka umenyooka kama rula, nyama nyeupe, siagi ikitokota juu yake. Nimeweza.

Tena si huo tu. Sasa najua mayai, viazi na samaki wa kawaida. Nguo nafua mwenyewe, na nyumba naifagia asubuhi kabla sijafungua duka. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi wowote juu yangu. Sikutegemei tena kwa chakula wala kwa nguo. Ukiamua kukaa, kaa kwa moyo mweupe.

Mumeo,
Fundi

*

Huku kwa binti yetu, tarehe 26 Machi

Fundi,

Nimefurahi kusikia kwamba umejua kupika. Hongera.

Watoto nimewajibu. Nitakaa.

Nitumie lile sanduku langu dogo la kahawia lililo chini ya kitanda. Utie shali nzito, viatu vyangu vya kutembelea, na magauni mawili yaliyo upande wa kushoto wa kabati. Sufuria zangu mpe atakayezihitaji. Salamu kwa mama muuza samaki.

Bibi wa mtoto

*

Maabara, tarehe 27 Machi

Baba, shikamoo.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Nimevua glavu, niko kwenye kiti cha mapumziko, na mwenzangu ananishikia zamu kidogo. Nina dakika chache tu, kwa hiyo nitasema moja kwa moja kama ulivyonifundisha.

Baba, umefanya nini?

Mama amesema atakaa. Mimi ndiye niliyemwomba, na sitakudanganya, ningependa akae. Nikimwacha mtoto mikononi mwake nafanya kazi bila roho kuwa juu. Lakini nilitaka akae kwa kupenda. Sasa anakaa kama mtu aliyeachishwa kazi mahali pengine.

Barua yako aliisomea uani, akiwa amesimama kwenye kamba ya nguo. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaingia ndani akaanza kupiga pasi nguo za mtoto. Baba, nguo hizo alikuwa amezipiga pasi asubuhi. Nikamuuliza, "Mama, baba anasemaje?" Akasema, "Baba yako hajambo. Anajua kupika, anajua kufua, anajua kufagia." Nikasema, "Si vizuri hivyo?" Akasema, "Vizuri sana. Mimi nilidhani nimeacha nyumba. Kumbe niliacha zamu, na zamu imepata mtu." Kisha akaomba nimletee karatasi.

Nilimweleza kwamba wewe hukuwa na maana hiyo. Akaniambia mimi ni mtoto, wewe amekujua kabla sijazaliwa, na kwamba ukitaka kitu hukisema.

Baba, ukweli ni kwamba ukitaka kitu hukisemi hata kidogo. Ulinitaka nisome, ukanunua meza. Hukusema "soma", uliniletea meza tu, ukaiweka karibu na dirisha ukaondoka. Mimi nilielewa kwa sababu mimi ni wewe. Mama siye wewe. Mama ni mtu wa kuitwa. Ukimwita atakuja. Usipomwita hatakuja, hata kama hamu itamkausha.

Sijui unataka nini. Kama kweli umetosheka hivyo, nyamaza, nami nitamtunza. Kama hujatosheka, mwambie. Usimwandikie habari za mkia.

Binti yako

*

Nyumbani, tarehe 2 Aprili

Mke wangu mpendwa,

Sanduku sijalituma. Liko chini ya kitanda, na litabaki hapo mpaka uisome barua hii hadi mwisho. Ukishaisoma na bado ukalitaka, nitalileta mwenyewe kwa mikono yangu.

Barua zangu zilizopita ukizikagua neno kwa neno hutapata kosa. Hata hivyo, hazikukwambia ukweli.

Uliponiuliza naonaje, jibu nilikuwa nalo kabla sijaikunja barua yako. Jibu lilikuwa "rudi". Nilishika kalamu kuliandika. Kisha nikajiuliza ninakuitia nini. Nikatazama meza: mkate na chai, kama ulivyosema. Nikatazama kikapu cha nguo: kimejaa mpaka kifuniko kimeinuka. Nikasema, nikimwita katika hali hii, kila mtu ataona kwamba fundi ameshikwa na njaa na amemtoa bibi kwa mjukuu wake ili aje ampikie. Wewe mwenyewe ungeona hivyo, na usingekuwa umenionea.

Ndipo nikaishusha mashine. Nilitaka kuliondoa tumbo langu katika shauri hili. Nilitaka nijue kwanza kupika na kufua na kufagia, ndipo nikuite, ili nitakapokuita pasibaki sababu nyingine yoyote isipokuwa wewe.

Nikajifunza yote hayo, nikasahau kuita. Nikawa kama mtu aliyekata koti, akalishona, akalitia vifungo, akalitundika dukani, bila kumwambia mwenye koti kwamba liko tayari.

Sasa habari za kambakoche. Huenda wewe umeisahau siku hiyo. Nilikuja hotelini kuleta mapazia niliyoyashona, nikakupitia kwenye chumba cha kufulia. Ulikuwa umeshika kitambaa kikubwa cha meza, cheupe, umekiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ukanionyesha duara la manjano. Ukasema, "Hii siagi ya kambakoche. Siagi ya mkate haiachi limau pembeni. Huyu mdudu mimi namjua kwa doa tu, ladha yake siijui." Ukacheka, ukalipaka sabuni, ukaendelea na kazi. Hukuwa unalalamika wala kuomba. Mimi nilisema kwaheri nikaondoka, lakini neno hilo niliondoka nalo, na sijawahi kuliweka chini.

Nilitaka siku utakayorudi uukute mkia mezani. Ndiyo maana nilikukataza kuuliza sababu. Uliuliza nina mgeni gani. Mgeni ni wewe.

Mama muuza samaki anaolewa mwezi ujao, na mchumba wake ni mwendesha lori mwenye kifua kama mlango. Gauni alilokuja kuliulizia ni la harusi. Harusi sikuitaja kwa sababu mteja aliniomba nisitangaze. Nadhani atanisamehe kwako.

Najua unalo jambo la kumfikiria huyo mtoto na mama yake. Sikuambii uwatupe. Nakuambia tu nilichopaswa kukuambia tangu Machi, na baada ya hapo utaamua wewe.

Rudi nyumbani. Chakula kipo. Nguo ni safi. Asiyekuwepo ni wewe. Jioni nikizima cherehani, nyumba inakuwa kimya hata kwa masikio yangu haya.

Mumeo,
Fundi

*

Huku kwa binti yetu, tarehe 7 Aprili

Baba watoto,

Mkwe wetu alinikuta jikoni na barua yako mkononi, machozi yananitoka, akakimbia kuniletea kiti. "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu amejifunza kusema, sijui kama atapona.

Sikiliza. Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kukukasirikia. Mwezi mzima nimekaa hapa najihesabu mtu aliyefukuzwa, kumbe kuna mzee anashona samaki kwa ajili yangu. Ungeandika neno moja tu. "Rudi." Neno fupi kuliko yote uliyoyaandika, wala halihitaji siagi.

Ungeniita ukiwa na njaa, ningekuja. Ungeniita kikapu kikiwa kimejaa, ningekuja, ningekugombeza mlangoni, ningefua. Wewe ulidhani naogopa kuitwa kwa ajili ya kazi. Mimi niliogopa kutoitwa kabisa.

Watoto nimewaambia. Binti yetu hakushangaa hata kidogo, na mimi si mjinga, najua kuna mtu alikuandikia. Alinikumbatia kwa muda mrefu. Kisha akaenda chumbani akafunga mlango, nikajua analia, nikamwacha. Si rahisi kwake. Mama mzazi wa mkwe wetu atakuja kukaa na mtoto. Amekuwa akiomba zamu tangu mtoto azaliwe, ila alikuwa ananionea haya. Nami nitakuja mara kwa mara, na wewe utafunga duka uje nami. Hilo si ombi.

Nafika Jumamosi kwa basi la mchana. Siku hiyo usipike chochote. Nitakuwa nimechoka, nataka chai na kiti changu. Mkia tule Jumapili, nikiwa nimeoga na nimevaa vizuri.

Mume wangu mdogo ndiye sijui nimuageje. Amenishika kidole sasa hivi, naandika kwa shida.

Mshonee vizuri mama muuza samaki. Nampenda sana.

Mkeo

*

Nyumbani, tarehe 15 Aprili

Mwanangu,

Nimefika salama, na naandika asubuhi kabla baba yako hajaniuliza naandika nini. Mbusu mume wangu mdogo kwenye shingo, pale chini ya sikio anapopapenda. Mama mkwe wako mwambie asimlaze chali akishanyonya kabla hajamcheulisha. Najua anajua. Mwambie tu.

Baba yako alikuwa kituoni. Alivaa koti lake la kwendea harusi za watu, akasimama mbali kidogo na wapokeaji wengine, ameshika mikono nyuma kama mtu anayekagua basi. Nikashuka. Akanitazama, akautazama mfuko wangu, akasema, "Gari lilichelewa." Nikasema ndiyo. Akauchukua mfuko. Tukatembea mpaka kwenye kona, pale ambapo watu wamepungua, ndipo akanishika mkono. Mwanangu, hajawahi kunishika mkono njiani. Hakuuachia mpaka alipohitaji kutoa ufunguo.

Nyumba ni safi, nisiseme uongo. Nilipitisha kidole juu ya kabati, kikatoka bila vumbi.

Jumapili alinifukuza jikoni. Nikakaa mezani nimevaa lile gauni la kijani, namsikia anayeyusha siagi na kuzungumza na mashine kana kwamba ni mwanafunzi wake: "Usiharakishe. Subiri. Subiri, nimesema." Akaleta sahani na kuiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Mkia ulikuwa umenyooka hasa, gamba jekundu, nyama imekaa juu yake nyeupe, vipande vya kitunguu saumu vimegeuka rangi ya dhahabu, na limau pembeni. Alikuwa ameshika uma wake lakini hali. Ananitazama mdomo.

Nikala.

Sasa nakuambia wewe, na ukimwambia baba yako nitakukana. Kambakoche si kitu cha ajabu. Ni mtamu, ndiyo, mtamu kidogo kama kamba wa kawaida aliyevaa koti. Siagi ndiyo inayofanya kazi yote. Miaka yote ile nimefua vitambaa vya watu nikidhani wanakula kitu ambacho mimi siwezi hata kukiwazia, na kumbe mayai yangu ya Jumamosi yanaushinda huo mkia.

Na baba yako pia haupendi. Nilimwona. Alitafuna kama mtu anayesoma mkataba, akameza, akafuta mdomo. Amejaribu mikia yote ile peke yake, na moshi, na nailoni, na hajawahi kuupenda hata siku moja.

"Vipi?" akauliza.

"Fundi," nikasema, "sijapata kula kitu kama hiki."

Ungeuona uso wake. Alikaa wima, akaanza kunieleza habari za kijiti, na joto, na jinsi nyama inavyoacha kung'aa, nami nikawa naitikia kwa kichwa huku namaliza sahani mpaka kwenye pezi. Alipoona nimemaliza, aliniuliza kama nataka mwingine.

Nikasema nataka. Mwanangu, kwa jinsi alivyouliza, hata angeniuliza kama nataka kula na gamba, ningesema nataka.

Mama yako